Sauti ya Gavana Kwenye Simu

Ininahazwe alinikabidhi kobe wake kwa masharti saba, akiyahesabu kwa vidole mbele ya basi lililokuwa tayari linanguruma. Ilikuwa Mei ya mwaka 2015. Alikuwa amevuka kutoka Burundi na kobe huyo ndani ya sufuria, akalala naye majuma mawili ufukweni Kagunga, akapanda naye meli hadi Kigoma, na sasa mzee mmoja wa msafara alikuwa amemwambia kwamba mnyama hapandi basi la kambini. Mimi nilikuwa nimekuja na mama kugawa uji. Baadaye Ininahazwe alinieleza kwamba alinichagua kwa sababu nilikuwa na sura ya mtu asiyekula kobe.

"Sikiliza, dada. Maji ubadilishe kila asubuhi. Umwekee jiwe la kupandia. Usimpe ugali. Ukimshika, nawa mikono. Usimlaze chali hata kwa utani. Aote jua kila siku, na akiota jua wewe uko hapo, unamwangalia."

"Hayo ni sita."

"La saba, nikikupigia simu, nimsikie."

"Kobe hana sauti."

"Gavana anayo."

Aliitwa Gavana kwa sababu kila alipopita, watu walilazimika kusubiri. Alikuwa na ukubwa wa kisahani cha chai, na shingo ya mtu aliyesikia akisengenywa.

Basi ikawa hivyo. Kila Jumapili saa kumi jioni Ininahazwe aliazima simu ya jirani yake huko kambini Nyarugusu, nami niliweka yangu kwenye ukingo wa beseni la kobe. Gavana alikwaruza plastiki kwa kucha: kwaru, kwaru. Kule upande wa pili Ininahazwe alisikiliza, kisha akacheka. Aliwahi kuniambia kwamba nyumba yao ilishaungua, ng'ombe wameliwa, na katika vyote vya kwao aliyebaki anatembea ni Gavana.

Ikaja Jumapili moja ya Novemba. Mama alikuwa ametandaza dagaa juu ya wavu pale ufukweni Kibirizi, na zamu ya kufukuza kunguru ilikuwa yangu. Nikawaza: jua ni moja, kwa nini nifanye kazi mara mbili? Nikamweka Gavana katikati ya dagaa. Akaanza kula waliomzunguka, mmoja mmoja, bila pupa.

"Ritha," mama alisema, "huyo gavana wako anakusanya ushuru."

Nilicheka, nikaenda kupiga soga na wenzangu. Kisha wingu likatokea upande wa Kongo. Wingu la Kongo likionekana Kibirizi hakuna anayeuliza swali. Kila mtu anainama. Tulizoa dagaa kwa mabeseni, tukamimina kwenye magunia, na mchuuzi wetu Anatoli akafunga midomo kwa kamba, akapakia manne kwenye bajaji yake, akaondoka kwenda sokoni Mwanga. Mvua ikatukuta chini ya bati tumechoka na tumefurahi.

"Gavana yuko wapi?" mama akauliza.

Nilitoka mbio. Wavu ulikuwa mtupu. Nilipapasa mchanga, nikainua kila jiwe, mpaka nikaelewa: tulimzoa pamoja na dagaa. Na simu ikaita, dakika kumi kabla ya saa kumi.

Sijivunii nilichofanya. Nilichukua beseni tupu, nikalikwaruza kwa kucha zangu.

"Ritha, huyo ni nani?"

"Gavana."

"Gavana hukwaruza mara mbili, anapumzika. Huyo ana haraka."

"Leo amechangamka."

"Ritha."

Nikasema yote kwa pumzi moja: dagaa, wingu, soga, gunia. Nilingoja anitukane.

"Nina salio la dakika ishirini," alisema. "Usikate. Kimbia."

Nilirukia bodaboda na simu ndani ya mfuko wa nailoni, na mlima wote wa kupanda kwenda Mwanga Ininahazwe alikuwa akimpigia kelele dereva kupitia spika, nusu Kiswahili, nusu Kirundi. Dereva akamjibu, "Sawa, mama mkwe."

Anatoli alikuwa anashusha gunia la mwisho.

"Fungua magunia, kaka. Ndani kuna gavana."

"Wa mkoa gani?"

Nilimweleza. Akakataa, dagaa wakimwagika kwenye tope, nani atakula? Afungue yote manne kwa ajili ya kobe? Hapo simu ikasema, "Moja tu. Mimi nitakwambia lipi. Ritha, nilaze juu ya gunia."

Wauza nyanya wakasogea. Wauza khanga wakasogea. Nililaza simu kwenye gunia la kwanza.

"Hapana."

La pili.

"Hapana. Huyo mama anayetafuna muwa anyamaze."

Mama wa muwa akaacha kutafuna. La tatu.

Kimya kikawa kirefu mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Hapo," alinong'ona. "Anakula."

Anatoli akafungua kamba, akazamisha mkono hadi kwapani, akamtoa Gavana akiwa na mkia wa dagaa mdomoni. Soko likapiga vigelegele. Nilimweka juu ya karai la Anatoli, nikasogeza simu. Kwaru, kwaru. Akapumzika. Kwaru, kwaru.

"Ego, ndiyo, ndiye," Ininahazwe alisema, sauti imelowa. "Sasa, Ritha, sharti la nane—"

Simu ikakatika.

"Sharti lipi?" akauliza Anatoli.

"Sijui."

Juma zima nilitekeleza kila sharti nililoweza kulibuni. Nilimfunika usiku. Nilimsikilizisha matangazo ya vifo ya redioni. Hata chooni nilikwenda naye.

Jumapili saa kumi simu ikaita. Nilikuwa nimeshaisogeza kwenye beseni.

"Mwache kwanza," alisema Ininahazwe. "Sharti la nane: nikipiga, nianze kukusikia wewe."

Nikalikwaruza beseni, haraka haraka, bila kupumzika.

Alicheka mpaka salio likaisha.