Babu Naum Nje ya Ukuta

Tulisafiri watu kumi na tisa kutoka Buenos Aires hadi mji mdogo wa Moldova walikozaliwa babu zetu. Kumi na nane tulikuja kufyeka makaburi yao. Wa kumi na tisa, Babu Naum Kagan, alikuja kukaa kwenye kiti.

Si kwamba ni mvivu. Mzee ana miaka themanini na minne na mdomo wake haujawahi kwenda likizo, ila ni mtu wa ukoo wa makuhani wetu sisi Wayahudi, na mtu wa ukoo huo haingii makaburini, hata akiombwa na mfalme. Hilo nililijua, na Ruben kiongozi wetu alilijua kabla ya kuota meno. Lakini miezi saba tumekutana sebuleni kwangu kupanga safari, tumekula keki zangu zote, tumegombana nani alale chumba kimoja na mjane wa daktari wa meno, maana anakoroma, na hakuna hata mmoja aliyeuliza: huyu mzee tunayempeleka makaburini, atafyeka akiwa wapi?

Tulikumbuka tumeshafika langoni na mapanga mkononi. Babu Naum alivua kofia, akaivaa tena, akasema yeye mwisho wake hapa. Ruben alijipiga paji la uso hadi nikasikia.

Ndipo Mama Paraskeva, jirani wa makaburi, akatoa kiti cha plastiki, kikawekwa barabarani nje ya ukuta wa mawe. Ukuta wenyewe unafika kiunoni tu, hivyo mzee aliona kila kitu. Basi akajipa kazi ya usimamizi. Huyu ameshika mundu kama kijiko. Yule anapumzika kuliko anavyofanya kazi. Fanya, yaani mimi, napiga soga na makaburi yananisubiri. Magugu tuliyokata akatuagiza tuyarundike hapohapo ndani ya ukuta, mbele ya kiti chake, ambako nyasi zilikuwa ndefu, hapakuonekana jiwe lolote, naye aliona pana nafasi. Tukarundika. Kufikia siku ya tatu rundo lilikuwa refu kuliko Ruben, na mbuzi wa Mama Paraskeva alikuwa amepanda juu yake kama mwenye nyumba.

Lakini utani wote ule ulikuwa kifuniko. Mfukoni Babu Naum alikuwa na kokoto moja, na kila baada ya muda alikuwa akiipapasa kama mtu anayehakikisha ufunguo wake bado upo. Baba yake, Lazar, aliondoka mji huu akiwa kijana wa miaka ishirini, akamwacha baba yake, yaani babu yake Naum, kituo cha treni akipunga kofia. Barua ya msiba ilimfikia Argentina imeshachelewa miezi minne. Hakurudi tena. Alipokuwa anakufa alimwomba Naum kitu kimoja: siku moja kaburi la huyo baba yake liwekewe jiwe. Sisi hatupeleki maua. Tunaweka kajiwe juu ya kaburi, ili aliyelala ajulikane kuwa ana watu. Naum aliiokota kokoto ile mbele ya nyumba ambayo Lazar aliijenga Argentina, na huu ndio mwaka aliopata nguvu ya kuileta.

Anayesoma maandishi ya Kiebrania vizuri kuliko sote ni mjukuu wake, Tamara, msichana wa miaka kumi na saba mwenye nywele za zambarau na magoti yaliyochubuka. Alikuwa akienda jiwe hadi jiwe na ndoo ya maji na brashi laini, anaosha, anasoma jina kwa sauti kuelekea ukutani. Na kila mara ukutani panajibiwa, "Si yeye."

Alianzia katikati, penye mawe makubwa. Ilipofika Ijumaa asubuhi alikuwa ameshasoma mawe tisini na mawili. Basi letu lilitakiwa kuondoka saa sita mchana, tuwahi mji mkuu, Kishinau, kabla Sabato haijaingia jioni, na upande wa mashariki tulikuwa bado hata kuugusa.

Siku hiyo Babu Naum hakumsema mtu. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilimpelekea chai yetu ile chungu ya kufyonza kwa mrija, tukapokezana kibuyu ukutani, yeye nje mimi ndani.

"Fanya," akaniambia, "nikikutana na baba yangu huko, nitamwambia nini? Kwamba nilikuja nikakaa?"

Nikamjazia kibuyu tena, ingawa zamu ilikuwa yangu.

Tamara akaja na ndoo yake tupu, uso mwekundu kwa jua na hasira. Akamwambia babu yake aingie tu, dakika moja, watafute wote, macho mawili zaidi ni msaada. Nani atamwona?

"Wewe utaniona," alisema Babu Naum.

"Sitasema."

"Kaburini kwa baba yangu mzazi sijawahi kukanyaga, nije nikanyage huku ugenini?"

"Kwa baba yako huna haja ya kukanyaga, Babu! Kalazwa kule ukingoni, unamsalimia ukiwa barabarani. Kagan wote wako ukingoni, ndiyo maana wewe..."

Ndoo ikamtoka mkononi.

Kwetu Buenos Aires watu wa ukoo huo huzikwa kandokando, karibu na njia, ili ndugu zao wasioruhusiwa kuingia wawaone kutoka nje. Hakuna asiyejua. Tunalijua kama tunavyojua njia ya kwenda msalani, ndiyo maana hakuna aliyelifikiria.

"Babu," Tamara akasema polepole, "na watu wa hapa si walikuwa na akili kama sisi?"

Sote tukageuka kuutazama ukuta. Ukuta wote upande wa barabara ulikuwa mtupu, hauna kaburi hata moja, isipokuwa hatukujua kilichopo pale penye rundo. Mbuzi akatutazama.

Sijawahi kuona watu wazima wakikimbia namna ile. Mjane wa daktari wa meno alibeba mzigo mkubwa kuliko Ruben. Mama Paraskeva alileta uma wa kubebea nyasi akafanya kazi ya watu wanne, huku akitusema kwa lugha yake, na hatukuhitaji mkalimani. Tuliyarusha magugu juu ya ukuta hadi barabarani, dereva wa basi akalalamika, akaambiwa na yeye ashike.

Chini ya magugu ya siku nne kulikuwa na mawe matatu. La katikati lilichongwa viganja viwili vimeinuliwa, vidole vimeachana, kama makuhani wanapobariki watu. Tamara aliliosha mara mbili. Alisoma, lakini safari hii kimoyomoyo.

"Babu, hili soma mwenyewe."

Babu Naum alivaa miwani, akaegemea ukuta. Midomo yake ilicheza kidogo kabla sauti haijatoka.

"Naum mwana wa Hersh. Kuhani."

Alipewa jina la babu yake, kama ilivyo desturi yetu, na sasa alikuwa amesimama juani, mzima, anasoma jina lake kaburini. Alianza kucheka. Alicheka hadi akakohoa, akafuta macho, akacheka tena.

"Siku nne!" akasema. "Siku nne namwamuru kila mtu ammwagie babu yangu takataka."

"Na ukamweka mbuzi juu," Tamara akamkumbusha.

Akampa kokoto mjukuu wake juu ya ukuta. Hapo usimamizi ukarudi: si hapo, hapo itaanguka, sogeza kulia, kulia kwako si kwangu. Ilipotulia juu ya jiwe, alivua kofia, akaipunga polepole mara tatu, kama mtu aliyepo kituoni. Kisha akaivaa, akasema sala ya wafiwa akiwa barabarani, nasi tukaitikia tukiwa ndani, na dereva, ambaye si wa dini yetu, akazima injini.

Tulichelewa nusu saa. Babu Naum alimrudishia Mama Paraskeva kiti chake. Mama akakikataa, akakirudisha palepale mbele ya jiwe, akasema maneno ambayo Ruben alitutafsiria kwa msaada wa Kirusi chake cha kuokoteza: kiti kina mwenyewe sasa.

"Mwambie nashukuru," alisema Babu Naum. "Na mwambie upande wa mashariki haujafyekwa. Mwakani nakuja kuusimamia."