Ubeti wa Mama Aïcha

Nusura alivua hedifoni akazibwaga mezani. Wimbo ulikuwa wake, gitaa lake, lakini ubeti wa Kiswahili haukuwamo. Baba yake, mtu wa Ekwado, alimpa Kihispania, mama yake wa Bujumbura akampa Kiswahili, na tangu aanze kutunga hajapata kuiacha lugha moja mlangoni kama mtoto wa kambo. Na ubeti ule ulikuwa wa mama. Mama Aïcha ameogesha wazee wa watu kule Auderghem, ughaibuni, miaka ishirini, na hakuna aliyewahi kumwimba.

Mahali pa ubeti ilisikika sauti ya Crispin, meneja wake Mkongo, ikiita majina: tonton, yaani mjomba, mwenye saluni, tonton wa duka la simu, papa wa magari ya mitumba. Wakongo huyaita mabanga: unamtaja mkubwa ndani ya wimbo, naye anavimba kichwa na kutoa pesa.

"Bon, Walatino nao banatajaka majina," Crispin, aliyekaa pembeni yake, alisema bila haya. "Alors, Kiswahili kilikuwa kinachelewesha bantu kucheza."

"Rudisha ubeti wa mama."

"Haiwezekani. Bale bakubwa nilishabaambia. Muntu ukishamupatia jina, haumunyang'anyi tena."

"Mama yangu nilimpa kwanza."

Crispin akacheka. Kicheko kile kilimkata maini Nusura. Mtu huyu kila Idi alikula pilau ya Mama Aïcha, sahani mbili mbili, na nyingine akafungiwa aende nayo. Kweli shukrani ya punda ni mateke.

Jumapili alasiri ukumbi wa Koekelberg ulijaa watu waliokuja kuusikia wimbo. Wakubwa walikaa mbele, simu juu, wajirekodi wakitajwa. Mama Aïcha alikaa nyuma kabisa, katoka kazini moja kwa moja. Crispin akabonyeza muziki. Nusura aliimba Kihispania, watu wakacheza, na majina yalipokaribia akachomoa waya wa muziki. Simu zikabaki juu, hazina jina la kurekodi.

Akashika gitaa, akauimba ubeti wote, polepole, mpaka mwisho, penye jina la mama na la mtaa wa kwao Bujumbura: Aïcha binti Yusufu, wa Buyenzi. Hakutaja mwingine. Papa wa magari alinyanyuka akatoka. Kando ya jukwaa Crispin alipitisha kidole shingoni: umekwisha, wewe.

"Rudia hapo kwa jina," Mama Aïcha alisema kutoka nyuma. "Sikusikia vizuri."

Alikuwa amesikia vizuri sana. Nusura akarudia.