Mkono Uliosiriba Sakafu

Kitu cha kwanza nilichokiona ni viatu. Vilikuwa viatu vyeusi vya Edah, vile vya kwenda kanisani, na vilikuwa chini ya kitanda cha mchumba wangu Bramwel, vimepangwa vizuri, visigino vikielekea ukutani. Kwetu Myanga mgeni huacha viatu mlangoni. Anayeviweka chini ya kitanda ni mtu ambaye haondoki.

Nilikuwa nimeleta mapazia. Nilikuwa nimeyashona kwa mkono kwa wiki tatu, maua mekundu pembeni, kwa ajili ya dirisha la vioo la nyumba ile. Niliyaweka mezani, nikasema nimeacha maji motoni, nikatoka. Sikuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza.

Nyumba yenyewe ilikuwa Vigaeni. Mwaka ule wa 1955 hakukuwa na mtu Kitale ambaye hakuijua Vigaeni. Zilikuwa nyumba kumi na mbili tu, kuta za mawe, sakafu ya simiti, mfereji wa maji mlangoni, na juu vigae vyekundu badala ya nyasi au mabati. Makarani walizitaka, walimu walizitaka, madresa, wale wafunga vidonda wa hospitali, walizitaka. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyenunua kitanda kikubwa ambacho hakikuweza kuingia chumbani kwake. Alikiacha nje, amekifunika magunia, akisema kinangoja Vigaeni. Kilingoja mpaka kikaota uyoga.

Bramwel alikuwa karani katika ghala la mahindi. Wazazi wetu walikuwa wamekubaliana kwa maneno, na ng'ombe wa mahari walikuwa watolewe Krismasi. Lakini Bramwel alisema, "Nasambu, siwezi kukuoa ukaishi kwenye chumba cha matope. Tupate Vigaeni kwanza." Kwa hiyo nilikuja Kitale nikakaa kwa Edah, binti wa mama mdogo, ambaye alikuwa akifundisha watoto wadogo. Edah alimaliza darasa la nane. Mimi niliachia la tatu.

Nyumba haikutolewa hivi hivi. Kamati ilikuja kwanza kuona unakoishi sasa, ili ijue kama mke wako ni msafi au atafuga kuku jikoni mwa simiti. Waliuliza mke maswali, wakaandika jina lake kwenye kadi pamoja na la mume. Asiye na mke hakuandikwa.

Siku mbili kabla ya kamati nilisiriba chumba cha Bramwel. Nilichanganya kinyesi cha ng'ombe na majivu, nikapiga magoti, nikaanza kwenye kona ya ndani nikirudi nyuma kuelekea mlangoni. Mkono ukipita unaacha duara kama nusu ya mwezi, na duara hukaa juu ya duara mpaka sakafu nzima inakuwa kama magamba ya samaki. Mimi hutumia mkono wa kushoto. Miezi yangu huangalia upande ambao miezi ya wanawake wengine haiangalii.

Jepkemboi, mwanamke kutoka Cheptais aliyekuwa akituuzia maziwa, alisimama mlangoni akacheka. "Wewe dada, hii sakafu ni ya kukanyaga ama ya kupiga picha?"

"Ni ya kamati," nikasema.

"Ati kamati! Si wakupe nyumba mbili basi."

Jioni ile Bramwel na Edah walikuja pamoja. Bramwel hakuniangalia. Aliangalia sakafu.

"Nasambu, umefanya kazi. Lakini hao watu watauliza maswali, na mmoja ni Mzungu. Wewe ukiulizwa jina lako tu unainama kama umeiba."

"Nitajibu," nikasema. Hata mimi sikuisikia sauti yangu.

"Umeona?" Edah alinishika bega. "Mdogo wangu, ni siku moja tu. Nitasimama pale, nitajibu, wataandika, wataenda. Ni jina la karatasi. Nyumba ni yako."

Nilikubali. Lazima niandike hivyo, kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimeshachagua mahali pa kuketi huko Vigaeni, kwenye lile dirisha linaloangalia Mlima Elgon, na niliogopa mdomo wangu usije ukanipotezea nyumba.

Kamati ilikuja saa nne asubuhi: yule Mzungu, karani mwenye kitabu, na mama wa afya, mwanamke mnene wa makamo aliyevaa kofia nyeupe. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na ndoo. Nilimsikia Edah akijibu. Alijibu vizuri, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kisha mama wa afya akainama akaigusa sakafu.

"Nani amesiriba hapa?"

"Ni mimi, mama," akasema Edah.

Mama wa afya aliitazama mikono ya Edah. Kisha akaja mpaka mlango wa nyuma, akaniona.

"Na huyu?"

Bramwel hakungoja. "Huyu ni msichana wa kazi."

Yule mama alinitazama. Niliweka ndoo chini kwa mkono wa kushoto. Chini ya kucha kulikuwa bado na majivu. Alisimama pale kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kutafuna. Mimi nikaangalia vidole vyangu vya miguu. Akageuka, akaenda.

Wiki tatu baadaye walipewa ufunguo. Edah alihamia, ati kwa sababu karani wa nyumba hupita asubuhi kuona kama walioandikwa ndio wanaoishi. "Mpaka Krismasi tu," Bramwel aliniambia. Mimi nikabaki peke yangu kwenye chumba cha Edah, nikashona mapazia. Halafu nikaona viatu.

Bado nilikuwa na tumaini moja, mama yake Bramwel. Mama Nakhungu alikuwa amenipenda tangu niko mdogo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsiribia nyumba yake kule Myanga kila mwisho wa mavuno. Na katika ukoo wao mama mkwe ndiye anayempa bibi arusi mwiko wake wa kwanza wa kusongea ugali. Ukishapewa mwiko, wewe ni mke, hata kadi iseme nini.

Alikuja na basi mwezi wa Novemba. Hakujua kama mwanawe amehama, kwa hiyo alikuja kwenye chumba cha zamani, akanikuta nikifagia ili kirudishwe kwa mwenyewe, Mzee Wekoye. Mwiko ulikuwa umechomoza kwenye kikapu chake, mpya, mweupe. Alitazama chini akatabasamu.

"Huu ni mkono wako, mwanangu. Hata nikifumba macho naujua."

Hapo nilimweleza, kwa maneno machache. Nilisema Edah aliandikwa kwa siku moja. Nilisema kuhusu viatu. Alisikiliza, akafunga kitambaa chake upya.

"Ngoja hapa. Naenda kusema nao."

Nilingoja. Nilifagia mahali nilipokuwa nimefagia. Jua lilikuwa limeinama aliporudi, na midomo yake ilikuwa inang'aa mafuta ya kuku. Nilikiangalia kikapu kabla ya kumwangalia uso.

"Mwanangu," alisema, "ile nyumba ina maji ndani. Nimefungua, yakatoka. Kadi ikibadilishwa wanafukuzwa, na watu mia wanangoja. Wewe bado mdogo. Utapata mtu."

"Mwiko uko wapi, mama?"

Alikohoa. "Umebaki kule."

Basi likamrudisha Bungoma, upande wa kwetu, kesho yake. Mimi nilirudi Myanga wiki iliyofuata. Kabla ya kwenda nilipita Vigaeni. Mapazia yangu yalikuwa yametundikwa, maua yakiangalia nje ili wapita njia wayaone. Edah alinipungia mkono dirishani, nami nikampungia.

Nyumbani watu waliniuliza imekuwaje, nikasema Kitale ni baridi.

Huwa simfikirii Bramwel sana. Ninayemfikiria ni yule mama wa afya aliyesimama mlangoni akinisubiri. Aliuliza, na hakuna aliyemjibu ukweli. Basi namjibu.

Ni mimi, mama. Ni mimi niliyesiriba. Mimi si msichana wa kazi, na ile nyumba ilikuwa yangu.