Kipande Kilichokosa Mchanga

Jina la Msasa alipewa na mafundi wenzake kwa sababu ya kupenda kukwangua. Walimtania kwamba ukimpa kiti akipake rangi, atakurudishia kijiti cha meno. Yeye alicheka pamoja nao, maana utani huo ulimletea kazi: kila mwenye mashua pale gatini alijua kwamba rangi ya Msasa haibanduki.

Ndiyo maana shemeji yake aliponunua mashua ya tanga iliyochakaa, hakuhangaika kutafuta fundi mwingine. Shemeji huyo alikuwa mume wa dada yake mkubwa, mpima ardhi aliyestaafu, na watu walimwita Bwana Futi kwa kuwa hakutoka nyumbani bila futi kamba mfukoni.

"Shemeji, hii sitaha inateleza kama sabuni," alimwambia. "Mimi na dada yako si vijana. Nataka nikitembea huku juu, hata kama kumelowa, nijione niko sebuleni kwangu."

"Niachie mimi, shemeji. Wiki mbili tu."

Zikawa tatu. Msasa aling'oa vyuma vyote vya juu, akaosha sitaha kwa sabuni, akaifuta kwa thina ili kuondoa nta ya zamani, akaziba nyufa, kisha akakwangua mpaka vidole vikafa ganzi. Akaigawa sitaha vipande kumi na viwili kwa tepu, akiacha mikanda myembamba laini katikati ili maji yapate njia. Kila kipande alikipaka rangi nzito, na kabla haijakauka akakinyunyizia mchanga mwembamba kwa chujio la chai. Mchanga ule ndio unaoufanya mguu ushike. Rangi ikikauka, mchanga uliozidi unafagiwa, unapakwa mkono wa pili wa rangi, na sitaha inakuwa na makwaruzo kama ulimi wa paka.

Alipomaliza kukipaka rangi kipande cha mwisho, cha kuliani kwa mlingoti, simu ikalia. Alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, mtu wa maneno mengi, na Msasa akashuka chini akicheka naye. Alipomaliza, alikuta vipande vyote kumi na viwili vinang'aa kwa ubichi. Akadhani amemaliza, akaosha rola, akaenda zake. Asubuhi alifagia mchanga mbiombio kwa sababu wingu lilikuwa linajikusanya, akapaka mkono wa pili.

Siku ya kubandua tepu ndipo kiganja chake kilipomwambia. Kumi na moja vilikwaruza. Kile cha kuliani kwa mlingoti kilikuwa laini kama sahani.

Alichuchumaa pale kwa muda mrefu. Kukirekebisha kulitaka kukwangua upya, tepu, rangi, mchanga, na siku mbili za kukausha. Keshokutwa dada yake alikuwa anatimiza miaka sitini, na Bwana Futi alikuwa ameshawaalika watu kwenye mashua. Tayari alikuwa amechelewa wiki nzima. Kwa macho huwezi kuona tofauti. Akajiambia atakuja kukirekebisha baada ya sherehe.

Sherehe ikapita salama. Baada ya sherehe kulikuwa na kazi nyingine, na baada ya hiyo nyingine tena. Kila alipokutana na shemeji yake alisifiwa, na kila alipopokea sifa, neno lilizidi kuwa gumu kutoka.

Mwezi wa pili baada ya sherehe, Bwana Futi na mkewe walitoka wawili tu. Wakati wa kurudi upepo ulianza kuvuma kwa nguvu na maji yakarukia sitaha. Bwana Futi alienda mlingotini kushusha tanga, mkewe akabaki kwenye usukani. Wimbi likaja ubavuni, dada akageuza usukani kulikwepa, na kufumba na kufumbua mumewe alikuwa chini, goti limegonga chuma cha kufungia kamba. Pia ya goti ilipasuka vipande vitatu.

Msasa aliwakuta hospitalini. Dada yake alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, viatu vimelowa, mkoba ameukumbatia kama mtoto.

"Ni mimi," alisema. "Niligeuza ghafla. Alikuwa amesimama vizuri tu, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemwangusha."

"Usijilaumu, dada," Msasa akajibu.

Maneno hayo yalimkaa kooni kwa miezi mitatu. Yalikuwa ya kweli, na yalikuwa ya uongo kuliko yote aliyowahi kusema. Alipeleka matunda, alimsukuma shemeji yake kwenye kiti cha magurudumu, alitengeneza reli ya kushikilia bafuni bila kuombwa. Dada akawa anamshukuru mbele ya watu. "Sijui ningefanyaje bila huyu," alikuwa akisema, na Msasa anajifanya kutafuta kitu chini ya meza. Usiku alilala, lakini alikuwa akiamka amechoka kama aliyebeba mizigo.

Jambo lililomvunja ni dogo. Siku moja mchana Bwana Futi aliomba apelekwe tu gatini akaitazame mashua, na mkewe akasema, bila kupandisha sauti, "Iuze. Mimi siwezi kushika ule usukani tena." Bwana Futi hakubishana. Baada ya wiki akapatikana mtu aliyetaka kuja kuiona.

Asubuhi ya siku hiyo Msasa alichukua karatasi za msasa, tepu na kopo la rangi, akaenda mashuani peke yake. Alijiambia anamlinda mnunuzi asije naye akaanguka. Alipopiga magoti pale kuliani kwa mlingoti, aliona alama ndefu ya kisigino, nyeusi, kutoka katikati ya kipande mpaka kwenye kile chuma. Akaanza kukwangua. Alama ilipofutika nusu, mkono ukasimama wenyewe. Alielewa alichokuwa anakifanya: alikuwa anafuta ushahidi.

"Ni wewe?"

Dada yake alikuwa amesimama gatini na mfuko mtupu. Alikuja kuchukua vitu vyao kabla mnunuzi hajafika.

Msasa angeweza kusema anaiandaa mashua kwa ajili ya mgeni. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Badala yake akasema, "Dada, vua viatu, upande."

Akavua, akapanda. Msasa akamwomba aweke kiganja kwenye kipande cha jirani, kisha kwenye kile. Dada aliweka mkono hapa, akauweka pale, akarudia. Hakuwa fundi, lakini hakuhitaji kuwa.

"Mbona hiki kiko hivi?"

"Nilisahau mchanga."

"Ulijua lini?"

"Kabla sijawakabidhi."

Dada alibaki ameinama. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo. "Miezi mitatu silali. Miezi mitatu namwogesha mume wangu nikishindwa kumtazama machoni. Na wewe ulikuwa unakaa kwangu, unakunywa chai yangu, unaniambia nisijilaumu."

"Nisamehe, dada."

"Usiniombe chochote sasa hivi. Simama. Twende ukamwambie mwenyewe, mimi nikisikia."

Bwana Futi alikuwa sebuleni, mguu juu ya kigoda. Msasa alisimulia amesimama, kuanzia simu mpaka alama ya kisigino, bila kujipunguzia. Alipomaliza, Bwana Futi hakumgeukia yeye; alimgeukia mkewe.

"Umesikia? Hukuniangusha."

Dada akaweka kiganja mdomoni na kulia, kilio kilichokuwa kimekaa siku nyingi. Msasa alisimama pale katikati ya chumba, mikono haina pa kwenda.

"Kosa la mchanga naweza kukusamehe," Bwana Futi alimwambia hatimaye. "Kusahau ni kwa kila mtu. Lakini kumwacha dada yako abebe... hilo sijui, shemeji. Tupe muda."

Mnunuzi aliambiwa mashua haiuzwi. Msasa aliikwangua sitaha yote upya, vipande vyote kumi na viwili, ingawa kumi na moja havikuwa na kasoro. Shemeji yake alikuja kila siku kukaa gatini na magongo yake, akitazama bila kusema mengi. Siku ya kujaribu, dada alimwaga ndoo ya maji ya sabuni juu ya sitaha, akatembea peku kutoka mbele mpaka nyuma, akasimama kuliani kwa mlingoti na kusugua nyayo. Kisha akaenda kushika usukani, mashua bado imefungwa, akaugeuza kushoto na kulia polepole.

Sasa wanatoka tena Jumamosi. Goti la Bwana Futi halikunjiki zaidi ya nusu, kwa hiyo Msasa ndiye anayeshusha tanga. Dada humwita akitaka kitu, na humjibu akiulizwa, ila hajarudi kumwita "mdogo wangu". Wakifika gatini, Bwana Futi hupanda ngazi ya mawe akiweka mguu mmoja, anaufuatisha mwingine, anapumzika, anaendelea. Ni ngazi kumi na nne. Mwanzoni Msasa alikuwa akigeukia kamba wakati huo ili asimwone. Siku hizi anasimama na kumtazama mpaka afike juu.