Tundu la Ukurasa wa Tatu

Saa tatu asubuhi Nakeno alikuwa akipanga kijitabu cha mazishi cha mtu aliyeitwa Mou. Duka lake la uchapaji liko Lodwar, ukitoka sokoni kuelekea mto mkavu wa Kawalase, katikati ya fundi viatu na kibanda cha chai cha Abei. Maneno yalikuwa yametumwa kwa simu kutoka Kakuma tangu jana pamoja na picha, na kazi yenyewe aliijua kama njia ya kwao. Kijitabu cha kurasa nane ni karatasi mbili zilizokunjwa katikati. Ukurasa wa kwanza hulala karatasi moja na wa nane, wa tatu hulala na wa sita, na mgongoni mwa wa tatu hukaa wa nne, upende usipende. Ukitaka kuongeza ukurasa mmoja itabidi uongeze minne, na kwenye kijitabu cha marehemu hakuna ukurasa unaoachwa mtupu. Wateja wake husema ukurasa mtupu unamngoja mwingine wa nyumba ile ile. Kwa hiyo nafasi ikibaki hujazwa nyimbo za kanisani, hata kama marehemu hakuwahi kuimba.

Mou alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mpakiaji mizigo katika bohari ya Mheshimiwa Lokuruka kule Kakuma. Uheshimiwa huo Lokuruka aliupata kwa kugombea kiti mara mbili na kushindwa mara zote mbili. Juma lililopita Mou alisema mbele za watu kwamba magunia ya mtama hufunguliwa, hupunguzwa, kisha hushonwa tena. Mheshimiwa alitoka ofisini, akampiga risasi ya kifua, akarudi ndani kumalizia chai yake. Waliokuwa kwenye foleni ya chakula cha msaada walikuwa wengi na wote waliona, na kwa sababu hiyo hakupatikana shahidi. Mheshimiwa si mtu mbaya wa mazishi. Alitoa jeneza, hema, ng'ombe wawili, na kijitabu cha rangi kwenye karatasi ya kung'aa. Kufa kufaana, Nakeno naye akapata kazi.

Ukurasa wa tatu ulibeba maisha ya marehemu. Alizaliwa Bor, akakimbia vita, akamwoa Agot. Mstari wa mwisho ulisema alituacha baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mgongoni mwake, ukurasa wa nne, zilikaa rambirambi za Mheshimiwa na picha yake akiwa ndani ya suti.

Ebenyo, mtu wa mkono wa kulia wa Mheshimiwa, aliingia dukani na Agot mjane nyuma yake. Walikuwa wametoka Kakuma na gari la Mheshimiwa.

"Ejok," Ebenyo alisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-noi," Nakeno akajibu, akamsogezea mjane kiti cha plastiki.

"Toa moja tuone."

Printa ilivuta karatasi ya kwanza, ikaigeuza, ikaitema. Ikavuta ya pili. Ukurasa wa tatu ulipokuwa ukitoka, risasi ililia ndani ya mashine. Ilipita kwenye ncha ya sikio la Nakeno, ikaondoka na kipande, ikatoka dirishani na kutoboa birika la Abei. Abei alichungulia, akaona ni birika tu, akalihamishia jiko upande wa pili wa kibanda. Nakeno alibandika pamba sikioni kwa selotepu, akafuta damu kwenye kibodi. Karatasi ilikuwa na tundu lenye kingo zilizoungua. Risasi iliingilia kwenye maneno "kuugua kwa muda mfupi" na kutokea ukurasa wa nne, kwenye paji la uso wa Mheshimiwa.

"Hii hapana," Ebenyo alisema. "Mzee amekaa vibaya."

"Imetoboka."

"Nimeona. Sogeza."

Nakeno aliushusha ule mstari. Risasi ilishuka nao, na Mheshimiwa akatoka bila meno. Akaupandisha, akatoka bila jicho. Akaichapa kazi kwenye printa yake ya zamani iliyokuwa imestaafu kwa uzee, nayo ikalenga vizuri kuliko ile changa. Feni ilipoteza bawa moja. Ebenyo alihamisha kiti chake hadi ukutani, akaendelea kutuma ujumbe kwa simu.

Ebenyo alipotoka nje kumpigia bosi wake, Agot aliinuka.

"Mama, hiyo karatasi imekataa uongo," alisema. "Wewe andika tu ile kitu yenyewe. Mou alipigwa risasi. Andika na jina ya mwenye alipiga. Watoto wangu watasoma hii kitabu wakikuwa wakubwa."

Hicho tu ndicho alichokitaka. Ng'ombe hakuwataka, wala hema. Nakeno aliangalia mlangoni. Kisha alifuta ule mstari na kuandika kwamba Mou alipigwa risasi kifuani mlangoni mwa bohari, na Lokuruka, mwenye bohari. Printa ikavuta, ikageuza, ikatema. Hakuna kilicholia. Karatasi ilitoka nzima na yenye joto kidogo. Kwenye ukurasa wa nne Mheshimiwa alitabasamu na meno yake yote.

Ebenyo alirudi, akaiona. Akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza pande zote.

"Safi," alisema, na alimaanisha. Akapiga simu tena na kuiweka kwenye spika. "Mzee, tumejua shida. Ikiandikwa ukweli haitoboki."

"Na watu watasoma nini?" sauti iliuliza.

"Watasoma ukweli, mzee."

"Basi itoboke."

Agot alizirukia zile nyaya za printa kuzing'oa. Ebenyo aliokota stepla ndefu, ile ya kubana vijitabu katikati, akampiga nayo mdomoni. Jino lilidondoka sakafuni, likabingirika hadi chini ya meza. Agot alikaa. Ebenyo aliifungua stepla kuhakikisha haijaharibika, akairudisha mahali pake. Nakeno alimpa Agot kitambaa cha kufutia vioo, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, naye akiona haya.

"Mzee nipeleke yeye ukurasa wa mwisho?" Nakeno aliuliza.

"Katikati," Ebenyo akasema. "Kitabu inafunguka yenyewe katikati. Lazima watu waanze na yeye."

Katikati ni ukurasa wa nne na wa tano. Kwenye wa tano ilikuwapo picha ya Mou, shati jeupe, mkono kiunoni, anacheka. Picha hiyo aliipiga Agot mwenyewe siku waliyomaliza kuezeka nyumba yao.

"Mzee mpeleke tano," Ebenyo alisema. "Marehemu mpeleke nne. Yeye ameshazoea."

Nakeno aliwabadilisha. Lilibaki jambo moja, nalo Ebenyo alilisimamia kama mtu mwenye macho ya kazi. Tundu lilikuwa linameza maneno, na mstari wa kuugua ukasomeka nusu. Katika programu ya kupangia kurasa kuna kitufe cha kuyaamuru maneno yazunguke kitu kilicho katikati yao, iwe ua au nembo ya chama. Nakeno alichora duara pale risasi ilipokuwa ikiingilia, akabonyeza kitufe. Maneno yakafungua njia, yakalizunguka tundu kushoto na kulia bila kupoteza herufi. Kisha alivuta gunia la mchanga wa Kawalase lililokuwa likizuia mlango usipigwe na upepo, akalisimamisha mbele ya printa.

Nakala zilizotakiwa zilikuwa mia mbili. Mou alipigwa risasi mia mbili, zote kifuani, kila mara akiwa ameweka mkono kiunoni na kucheka. Fundi viatu alipiga ukuta mara moja kuomba wapunguze kelele. Mwanzoni Agot aliruka kwa kila mlio. Baadaye akaacha kuruka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi kuitazama. Nakeno aliitazama kwa sababu karatasi za kung'aa hukwama zisipoangaliwa. Aliinua kila jozi, akaikunja, akaibana kwa stepla ile ile. Vidole vyake vilitoka na masizi, na kwenye nakala za mwisho masizi yalikuwa na unyevu. Gunia lilikuwa zito kiasi kwamba ilibidi Ebenyo amsaidie kulirudisha.

Ile nakala moja nzima Agot aliikunja pamoja na jino lake, akaitia ndani ya nguo.

Mazishi yalifanyika Kakuma siku ya Jumamosi, kwenye upepo wa kawaida. Watu walivisifu vijitabu. Wanawake walitia kidole cha shahada kwenye tundu ili kurasa zisipeperuke, na ilionekana kama ndiyo kazi yake. Msema chochote, mwendesha shughuli, aliwaomba wafungue ukurasa wa tatu, wakasoma pamoja, sauti zikipanda upande huu wa tundu na kushuka upande wa pili, kwamba Mou alituacha baada ya kuugua kwa muda mfupi. Wengi wao walikuwa kwenye ile foleni. Walisoma vizuri. Baadaye Mheshimiwa alisoma rambirambi zake kutoka ukurasa wa tano, akaitazama picha iliyomwelekea, akasema kijana alikuwa mchapakazi.

Agot alisimama, akatoa nakala yake na kuanza kusoma kwenye kipaza sauti. Alifika kwenye neno "mlangoni" kipaza sauti kikazimwa. Vijana wawili walimshika mabega, mmoja akamkunja mkono mpaka bega likalia, wakamkalisha nyuma ya hema karibu na masufuria. Agot alisubiri mpaka jeneza lilipofunguliwa kwa mara ya mwisho, akamwendea Ebenyo akiwa ameushika mkono wake mmoja kwa mwingine.

"Khalas, nimeacha," alisema. "Niwekee yeye hii tu."

Ebenyo aliifungua ile nakala, akaisoma tena mpaka mwisho, akamrudishia.

"Weka. Huko chini hakuna msomaji."

Agot aliilaza kifuani mwa Mou, juu ya lile tundu lingine, na jino ndani yake. Kifuniko kikapigiliwa misumari. Hakuna kilicholia huko ndani. Udongo ulirudishwa, mawe yakapangwa juu kwa sababu ya fisi, na watu wakaenda kula nyama.

Siku chache baadaye waliingia dukani kwa Nakeno ndugu wawili kutoka Namoruputh, vumbi la safari likiwa bado nyusini. Walikuwa wamefiwa na mdogo wao, mchunga mbuzi. Maneno ya kijitabu walikuwa nayo kwenye simu, yameandikwa na mtu aliyejitolea kugharimia mazishi. Nakeno aliyasoma mpaka mstari wa mwisho, ule ule wa kuugua. Lile gunia la mchanga alilivuta mbele ya printa, akafungua kazi ya Mou ili apate mpangilio, akafuta kila kitu akabakisha duara.

"Ilipita kifuani ama kichwani?" aliuliza.

"Mgongoni," akasema yule mkubwa.

Nakeno aliwauliza kama wanayo picha yake aliyopigwa kwa nyuma. Wakasema watatafuta.