Fainali Juu ya Meza ya Kukatia

Karakana ile ya ushonaji ilikuwa na mafundi wanane na meza moja ya maana: meza ya kukatia nguo, pana kama kitanda cha watu wanne. Saa ya chakula waliifagia vipande na nyuzi, wakafunga ukanda wa bitana katikati uwe wavu, wakacheza mpira wa meza. Mwaka huo waliamua kufanya mashindano ya mtoano: ukifungwa, unarudi kwenye cherehani yako ushangilie wenzako.

Fainali ilipangwa Ijumaa. Upande mmoja alikuwepo Mkataji, kijana mwenye mkasi mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Upande wa pili alikuwepo mpiga pasi, mama wa makamo ambaye wote walimwita Shangazi. Miaka ishirini ya kunyanyua pasi ilikuwa imempa mkono wa chuma. Tangu Jumanne wawili hao walikuwa hawasemezani. Mkataji alikuwa amewaambia wenzake kwamba Shangazi kafika fainali kwa kupangiwa wachovu, na maneno yakamfikia mwenyewe kabla pasi haijapoa.

Ijumaa asubuhi kikaletwa kitambaa cha majoho ya kwaya, kilichosubiriwa wiki nzima. Majoho ishirini na manne, na mwalimu mkuu wa shule atayafuata saa kumi. Mwenye karakana akasema hakuna mpira mpaka joho la mwisho likunjwe.

Mkataji akakata kwa pupa. Ilipofika saa tano, kola zikaanza kumfikia Shangazi zimepinda. Angeweza kumchongea kwa mwenye karakana. Badala yake alizikusanya, akazibeba mpaka mezani.

"Mwanangu, kola zako zinapinda. Kata taratibu, mimi sikimbii."

Mkataji akaona haya. Akazikata upya, safari hii kwa chaki na rula, kisha akaomba radhi kwa yale ya Jumanne, kwa sauti ya chini mno hata Shangazi akamwambia arudie. Akarudia. Shangazi akacheka, akaanza kupiga pasi vipande kabla havijashonwa ili washonaji wasihangaike na mikunjo. Kazi ikashika kasi. Saa kumi kasoro robo joho la mwisho likakunjwa.

Mwalimu mkuu alipoingia aliwakuta wameizunguka meza tupu. Wakamweleza habari yote, wakakiri kwamba hawana mwamuzi kwa sababu kila mmoja ana upande wake. Mwalimu yule mama akajitolea kuamua: akaweka mkoba chini, akavua viatu, akapanda juu ya stuli.

Kila mmoja alichukua seti moja. Katika seti ya tatu, Shangazi akiongoza kumi kwa tisa, alipiga mpira ulioonekana kupita nje. Mwalimu mkuu akampa Mkataji pointi.

"Hapana, mwalimu," Mkataji akasema. "Umegusa ukingo. Nimeusikia."

Kumi na moja kwa tisa, Shangazi bingwa! Karakana ikalipuka kwa vifijo. Shangazi akaizunguka meza, akamkumbatia kijana na raketi yake mkononi.

Mwalimu mkuu akashuka, akaomba naye acheze kidogo, akidai kwamba enzi zake alikuwa hashikiki. Kumbe hakuwa anatania. Alimfunga bingwa mpya kumi na moja kwa nne, akavaa viatu vyake, akaomba asaidiwe mizigo. Mkataji na Shangazi wakabeba majoho mpaka garini, wakinong'onezana jinsi ya kumrudisha wiki ijayo walipize kisasi. Labda joho moja likutwe lina kifungo kimelegea.