Tundu la Nne

Wifi yake ndiye aliyemwambia kwanza, siku alipokuja kumwona mtoto akamkuta anakohoa kama mzee, akainua macho akayaona madoa meusi darini juu ya kitanda, akasema, wifi, nyumba hii haipumui, ita fundi achungulie matundu ya hewa, na yeye akaitikia haya kwa mdomo huku moyo ukikataa, miezi miwili mizima moyo umekataa, mpaka daktari naye akauliza, mnalala kwenye unyevu, mama? na sasa amesimama kwenye korido mchana wa jua kali, ameshika ngazi kwa mikono miwili, fundi kashapotelea darini, zinaonekana kandambili zake tu ukingoni mwa shimo la kupandia darini, moja ya kijani moja ya njano… "Mama! Huku unaoka mkate bila tanuri!" … anacheka kidogo, kwa adabu, hajui kucheka na watu asiowazoea, msemaji wa nyumba alikuwa mume wake, yeye wakija wageni hukumbuka kuwa ana kitu jikoni… "Hewa inatakiwa iingie chini kwenye upenu, itokee juu, mama, sasa mmeziba kote, mvuke wa masufuria na pumzi zenu unapanda huku, unagonga bati, unageuka maji, unarudi kuwadondokea! Mbao zimeanza kuoza. Nani kaziba namna hii? Alikuwa na ugomvi na nani?" … na nani, na shomoro, angemjibu hivyo, na shomoro waliokuwa wakianza kelele kabla ya alfajiri, mtoto ana wiki tatu, yeye mwenyewe macho yamemvimba kwa kukosa usingizi, akasimama hapa hapa na ngazi hii hii akamwambia mumewe ziba, ziba yote, usiache hata moja, na yule bwana akapanda akicheka, "Malkia kasema ndege wahame!" … kwa hiyo aliyeziba ni yeye, mume alitoa mikono tu, na kifua cha mtoto… "Pokea!" Gunia linaanguka, vumbi, anafumba macho, hilo ni tundu la kwanza, alimpa yeye mwenyewe lile gunia, analikumbuka, na hii suruali ya kazini iliyopasuka magotini ni la pili, imetoboka kwa cheche za kuchomelea kila mahali, anaisogeza kwa mguu halafu anaona haya, anainama, anaikunja vizuri… mumewe alipofariki, viatu vyake walichukua ndugu zake, saa, mkanda, kofia, kila mtu alitaka ukumbusho, lakini huko juu hakuna aliyegusa, huko juu kila kitu kilikaa kama mikono yake ilivyokiweka, yeye akilala anatazama dari na kujiambia yupo kidogo, kidogo yupo, na mtoto ubavuni anakohoa, mama gani huyu… "Shuka! Hili limeshindiliwa kama godoro! Ni shuka, mama!" La tatu. Limebaki moja. Angemwambia aliache, fundi, matatu si yanatosha? … "Matambara yamekwisha huku!" hiyo si sauti ya fundi, hiyo ya mumewe siku ile, na yeye chini akamfokea kwa kunong'ona, tafuta chochote, mtoto ndiyo kwanza amelala, kukawa kimya, halafu akashuka na fulana, jasho linamtiririka, amevaa fulana tu, asubuhi ile ya baridi… mbona alishuka na fulana?

"Mama, la mwisho hili, wala si tambara! Sweta! Mali nzima kabisa!" … hapana… "Ya bluu!" … zipo sweta nyingi za bluu, hata yeye aliyemfumia mumewe, akiwa na mimba, jioni baada ya jioni, hakuwa peke yake duniani mwenye uzi wa bluu… na baridi iliporudi akamuuliza mumewe, sweta niliyokufumia iko wapi, akasema ipo kazini, kesho yake akasema ipo kwa rafiki, macho yanakimbia, na kule wanakochomelea vyuma kuna mama muuza chai mwenye cheko, basi, hakuhitaji kuambiwa, hakupiga kelele, hajui kupiga kelele, alimnyamazia tu, siku tisa, anaweka chakula mezani anaondoka, akamnong'oneza wifi yake peke yake, kaka yako kampa muuza chai sweta yangu, na siku ya kumi ikaja homa, na hospitali akamshika kiganja, midomo imekauka, "Mama, ile sweta…" na yeye akamkatiza, pumzika, si wakati wake, kwa sababu aliogopa kulisikia jina la yule mwanamke, ni hofu tu, akamfunga mdomo kama… na msibani wifi akamsimamisha muuza chai mlangoni, hapa huingii, watu wanasikia, na yule mama akageuka na birika lake, alikuwa ameleta chai ya waombolezaji, akaondoka, na yeye aliona, alikaa mkekani akaona, akanyamaza… "Mkono mmoja umetiwa kiraka chekundu," fundi anasema, sauti imeshuka kidogo, "wa kushoto." Cheche iliunguza, uzi wa bluu ukamwishia, akaziba kwa mwekundu, wakacheka wote wawili… kumbe alikuwa anaogopa, mwanamume mzima anachezea moto kutwa, aliogopa kumwambia mkewe nimeivua nikazibia shomoro, ulisema chochote, nami ya kuvua ilikuwa hiyo tu… Kutoka kwenye lile shimo hewa inaanza kushuka, inamgusa paji la uso, chumbani mtoto anakohoa mara moja, ananyamaza, yeye mikono bado ipo kwenye ngazi. "Nitupe, mama, au nishuke nayo?" "Shuka nayo," anasema. "Polepole."

Kesho yake asubuhi alimfunga mtoto mgongoni, akaenda mpaka kwenye geti la wachomeleaji, akapanga foleni nyuma ya wanaume wenye vikombe, sweta ameikumbatia kifuani, bado mbichi kwa kufuliwa, na zamu yake ilipofika muuza chai akainua birika bila kumtazama, ndipo yeye, asiyeanza maneno na mtu, akasema, "Dada, sikuja kunywa chai."